Mpeni Msimu Mmoja

Nakusalimu wewe wa Sirari unayefungua duka, wewe wa Nyamongo unayesubiri zamu yako, na wewe wa Mugumu uliyeegesha redio kwenye gunia la mtama huku mikono ikipepeta. Leo nimemchagua mtu ambaye kila ukoo wa Mara unatamani kuwa naye, na ukishampata haujui umfanye nini: kijana aliyekwenda kusoma nje ya nchi, na sasa amerudi.

Siku ya mapokezi tunaijua. Noah imekodiwa, vigelegele vimeanzia njia panda, mnyama ameshaanguka na kitoweo cha kichuri kiko jikoni. Mjomba anasimama kutoa hotuba ndefu kuliko ya mbunge. Anataja nchi ambayo hajawahi kufika, chuo ambacho jina lake linamshinda kulitamka, na mshahara ambao hakuna aliyeuahidi. Watu wanapiga makofi. Kijana anatabasamu, maana angefanya nini?

Kesho yake, kabla usingizi wa safari haujamtoka, wageni wa aina nyingine wanaanza kuingia. Wa kwanza: "Mura, umetuletea nini?" Wa pili: "Kazini unaanza lini?" Wa tatu hana swali, amekuja na karatasi ya shule ya mwanawe inayodai ada. Jioni mama mzazi anasogeza kigoda na kuulizia mchumba. Haujapita muda, kijana anatafuta sababu ya kwenda Mwanza.

Hoja yangu leo ni moja. Mrejea tunamwandalia sherehe ya siku moja, halafu kazi yenyewe ya kurudi tunamwachia peke yake. Kurudi nyumbani ni kazi. Inataka muda, na inataka watu wa kuifanya pamoja naye.

Tumtazame mmoja wa mkoa wetu huu huu. Mwaka 1949 Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Anatajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kusoma katika chuo kikuu cha Uingereza. Alihitimu mwaka 1952 na shahada yake ya M.A., akapanda meli kurudi. Oktoba akashuka Dar es Salaam. Kutoka hapo akapanda treni hadi Mwanza, kutoka Mwanza meli ya ziwani hadi Musoma, na kutoka Musoma ndipo akafika kwao Butiama.

Sasa fikiria, msikilizaji. Tanganyika nzima Waafrika wenye digrii walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mtu kama huyo ungetegemea aketi kwenye kiti avuliwe kofia. Yeye akajenga nyumba ya matofali ya udongo, ya kuishi na mchumba wake, mwalimu Maria Gabriel Magige, binti wa Baraki, kijiji cha upande wa Tarime wa siku zile, ambacho leo kiko wilaya ya Rorya. Januari 24, 1953 wakafunga ndoa Musoma. Baada ya hapo ndipo akaenda kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Aprili mwaka huo huo akachaguliwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikazaliwa TANU.

Kwenye hotuba za kumbukumbu huwa tunaruka. Tunatoka Edinburgh moja kwa moja mpaka TANU. Lakini katikati pale kuna miezi kama mitatu ya udongo, na mimi naiona ina uzito wake.

Wahubiri wa maadili watasema miezi ile inatufundisha unyenyekevu. Sawa, sibishi. Mimi nataka tuangalie faida yake ya kawaida kabisa. Yeyote aliyewahi kujenga kijijini anajua kwamba mjenzi hapungukiwi na wageni. Kila apitaye anasimama. Huyu anasema udongo wako una mchanga mwingi, yule anasema ukuta umeinama, mwingine anachukua jembe na kusaidia bila kuombwa. Na wakati mikono inafanya kazi, habari zinapita: nani alifariki ulipokuwa mbali, nani aligombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba, mvua ya mwaka juzi ilifanya nini, chifu na mzungu wanasemaje. Mtu aliyevaa tai na kukaa kwenye kiti hapelekewi habari hizo. Anapelekewa maombi.

Safari yenyewe ya siku zile nayo ilisaidia. Majuma baharini, siku kadhaa kwenye treni, kisha ziwa. Mtu alikuwa na nafasi ya kuiaga nchi moja na kujiandaa kuingia nyingine. Leo kijana anafunga sanduku Bangalore au Guangzhou, anashuka Nairobi au Mwanza, na kabla siku mbili hazijaisha yuko Tarime mjini juu ya bodaboda. Mwili umefika. Masikio bado yanasubiri tangazo la treni ya chini ya ardhi.

Na huyu wa leo anarudi na mzigo ambao hauonekani kwenye sanduku. Wapo waliokwenda kwa ufadhili wa serikali za nje: China, India, Urusi, Algeria. Hata hao, kuna pasi ya kusafiria, kuna tiketi, kuna fedha ya kujikimu, na huku kwetu fedha hiyo ilikuwa zizini ikicheua. Kwa desturi ya Wakurya, ng'ombe wanaoingia kwa mahari ya dada ndio kaka anaoa nao. Zizi likipunguzwa kwa ajili ya msomi, kuna kaka ambaye ndoa yake imesogezwa mbele. Kaka huyo naye yupo kwenye mapokezi. Anapiga makofi kama wengine, ila yeye anapiga na hesabu.

Kijana analijua hilo vizuri. Ndiyo maana lile swali la "umetuletea nini" linamchoma. Angelisikia kwa mwombaji angecheka yapite. Lakini linatoka kwa mdai.

Huku nyumbani anadaiwa, serikalini nako foleni inamsubiri. Wazazi wengi hawaijui hatua hii, kwa hiyo nitaisema taratibu. Shahada ya nje haiingii kazini kwa jina zuri la chuo. Lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Aliyesoma udaktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, ana mtihani, na ana mwaka wa utarajali hospitalini. Aliyesoma sheria na anataka kuwa wakili anapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Mhandisi ana bodi yake ya usajili. Kisha kila mmoja anaingia kwenye mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira na kushindana na wenzake waliosoma hapa hapa, ambao miaka yote hiyo walikuwa wanajenga mahusiano na kujua mlango upi unagongwa vipi. Kwa hiyo, mama, ukimwona mwanao amekaa kibarazani na simu mkononi asubuhi yote, usiseme Ulaya imemfanya mvivu. Huenda anasubiri barua.

Msikilizaji wa Sirari hapo utanikatiza: mbona unazunguka Uchina na Uingereza? Nje ya nchi kwetu sisi ni kuvuka barabara. Umesema kweli. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza ulipita katikati ya Wakurya, ukaacha shangazi Kehancha na mpwa Tarime. Na kwa miaka mingi wazazi wa huku wamepeleka watoto shule za Kenya, wengine mpaka Uganda, wakifuata Kiingereza.

Huyu wa Kenya ana shida yake ya peke yake: hakuna anayemwona kama mrejea. Hachinjiwi hata kuku. Watu wanasema, si alikuwa hapo tu, Migori? Lakini mtoto huyo amekua akisoma historia ya nchi nyingine, akihesabu kwa shilingi nyingine, akishangilia timu nyingine. Akifika hapa na kusema "niaje" wenzake wanamcheka. Akitaka kuendelea na chuo, cheti chake cha sekondari kinapelekwa kwanza Baraza la Mitihani, NECTA, kulinganishwa na cha kwetu. Swali moja dogo la uraia, kama vile majukumu ya mwenyekiti wa kitongoji, linamkwama kooni. Anajiona mgeni mahali ambapo kila mtu anamwita mwenyeji. Nadhani ugeni wa namna hiyo ni mgumu kuliko wa aliyetoka mbali, kwa sababu hauna pole.

Tuje kwa binti. Hapa naomba wazee wangu mnivumilie, tata zangu wote mnaonisikiliza. Kijana wa kiume akirudi tunamuuliza kazi. Binti akirudi tunamuuliza umri. Tunahesabu miaka aliyokaa masomoni kama miaka ya ng'ombe waliochelewa kuingia zizini. Na tunaishi katika wilaya mbili, Tarime na Serengeti, ambazo kila mtu nchini anajua habari ya ukeketaji wake. Sheria ilikataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 tangu 1998, na bado Desemba ikifika wasichana wanakimbilia nyumba salama kule Masanga na pale Mugumu. Wapo watu kama Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa Hope for Girls and Women, wanaowapokea.

Sasa binti aliyesoma mbali akirudi kijijini, wadogo zake wanamtazama kwa jicho ambalo sisi watu wazima hatulioni. Hawajali sana cheti. Wanataka kujua: huyu anaheshimiwa? Anapewa nafasi ya kusema kikaoni? Akipita sokoni anasalimiwa au ananong'onwa? Binti yule ni jibu linalotembea. Tukimchosha kwa maneno mpaka akapanda basi la Dar es Salaam alfajiri, tumepoteza mtaalamu, na wasichana waliokuwa wanamtazama wamepata jibu lao.

Naona nimelaumu nyumbani sana. Acha nimgeukie mrejea mwenyewe, kwa sababu naye ana makosa yake, na mengine tunayabeba kimya kwa aibu ya kuonekana tuna wivu.

Nenda vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi. Chukua mfano wa kijana aliyesomea wanyamapori ng'ambo. Wiki ya kwanza anaalikwa kwenye mkutano wa kijiji. Anasimama na kueleza, kwa Kiswahili kilichochanganywa, umuhimu wa tembo kwa uchumi na kwa ikolojia. Yote ni kweli. Lakini mbele yake ameketi mama ambaye usiku wa kuamkia jana tembo wamelala na ekari yake ya mahindi. Mama yule anajua mambo ambayo hayako kwenye kitabu cha kijana. Anajua kundi linapitia bonde lipi na mwezi gani. Anajua kwamba tochi waliizoea, na kwamba kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili inasaidia mpaka mvua inapoiosha. Anajua mtoto anayelinda shamba usiku anasinzia darasani mchana. Kijana akimaliza hotuba anapigiwa makofi ya adabu, na asubuhi hakuna anayekumbuka alichosema.

Kijana huyo huyo angekaa kwanza usiku kadhaa kwenye kibanda cha kulindia mahindi, mambo yangekuwa mengine. Angejua aulize nini. Pengine utaalamu wake wa kusoma nyendo za wanyama kwa satelaiti ungekutana na ramani aliyonayo mama kichwani, na hapo tungepata kitu ambacho Edinburgh haina na kijiji peke yake hakina.

Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alitoa utenzi wa mke anayemlalamikia mume aliyesoma akarudi akidharau chakula, ngoma na mwili wa kwao. Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Wimbo wa Lawino. Nautaja kwa jambo moja: aliyepewa nafasi ya kusema pale ni yule aliyebaki. Sisi huku tumezoea kudhani kwamba msomi ametembea na wengine tumesimama. Hapana. Aliyebaki Tarime miaka mitano naye amepita njia ndefu. Amezika, ameoa, amebadili kahawa kwa mahindi au mahindi kwa bodaboda, amejifunza kulipa kila kitu kwa simu, ameona mgodi ukibadilisha wenye hisa na bei ya kiwanja ikipanda. Mrejea anayesema "huku hakuna kilichobadilika" hajaangalia bado.

Basi tufanyeje? Pendekezo langu nimelitaja kwenye kichwa cha mazungumzo haya. Mpeni msimu mmoja. Tangu mahindi yanapandwa mpaka yanavunwa, miezi minne mpaka mitano hivi. Katika msimu huo familia isimdai kitu. Asitangaziwe cheo kanisani wala msibani. Apewe kipande cha shamba na jembe, na achanganyike na wenzake kwenye risaga, alime kwa zamu shamba la huyu na la yule, akosee mstari achekwe kidogo. Aende kwenye mazishi na akae na wanaochimba kaburi. Jioni akae na wazee asikilize kesi zinavyosemwa na kumalizwa. Wakati huo huo barua zake za TCU na za mabaraza zinaendelea kutembea, maana hata angekuwa Dar es Salaam zingetembea kwa mwendo ule ule.

Yupo atakayeniuliza: msimu mzima bila mshahara, nani atamlisha? Swali zuri. Ulimlisha miaka yote ya masomo akiwa mbali, humwoni. Sasa yupo mbele yako na jembe mkononi, unaona ugali utaisha? Na si lazima akae bure. Shule zetu za kata zina upungufu wa walimu wa sayansi na hesabu. Mkuu wa shule anaweza kumwomba akae na kidato cha nne jioni mbili tatu kwa wiki. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kumpa kazi ya kuandika muhtasari wa mkutano. Huko ndiko atakakoona nchi yake inavyoendeshwa, na wananchi watamwona akitumika kabla hawajamwona akitumwa.

Kwako wewe mrejea, nina mawili. La kwanza, kulinganisha hakukatazwi, ila chagua wa kumwambia. Ukimwambia kila mtu jinsi mabasi ya huko yanavyofika kwa dakika, wataanza kukukwepa, na basi la hapa halitawahi kwa sababu hiyo. Tafuta mwenzako aliyerudi kabla yako, mkae, mlalamike mpaka mcheke. La pili, kuhusu deni la ng'ombe, usikimbie. Kaa na baba na kaka zako, useme waziwazi: naujua mzigo, nitaanza na hiki, mwaka kesho hiki. Wakurya tunaheshimu deni linalosemwa. Linalofichwa ndilo linaloleta ugomvi.

Halafu tukubaliane kwamba baada ya msimu huo anaweza kuondoka. Wengi wataondoka, kazi ziko Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam. Hata Nyerere hakukaa kwenye ile nyumba ya udongo. Pugu ilimwita, na baadaye nchi nzima. Lakini alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima, na alipofariki London mwezi Oktoba 1999 aliletwa akazikwa pale pale. Mtu aliyerudi vizuri mara ya kwanza anaijua njia ya kurudi mara ya pili. Yule tuliyemfukuza kwa maswali wiki ya kwanza atatuma fedha za mchango wa harusi, atatuma salamu za Krismasi, na watoto wake watajua Tarime kwa jina tu.

Mwaka huu, wewe unayetarajia mgeni wa namna hiyo, kaeni kikao kabla ndege haijatua. Mwambieni mjomba afupishe hotuba. Mwelezeni kaka kwamba suala lake litazungumzwa, na mtaje lini. Amueni shamba lipi atapewa na nani atakwenda naye kwenye risaga. Na akishafika, asubuhi ile ya kwanza, muulizeni swali ambalo sijasikia mtu akimuuliza mrejea: ni nini huku kwetu ambacho huelewi tena, tukuelekeze?